Ninalala na Madeni Yangu: Majibu kwa Wasomaji Wanaokosa Usingizi

Barua zinazohusu kukosa usingizi zimeongezeka sana mezani kwetu, na nyingi zinafanana kwa jambo moja: mwandishi anaeleza kwa kirefu namna anavyouhangaikia usingizi, kisha anakigusia kwa sentensi moja tu kile kinachomhangaisha maishani. Nimechagua barua tatu ambazo naamini majibu yake yatawafaa na wengine. Majina na mambo yanayoweza kuwatambulisha waandishi yameondolewa.

Swali

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, nina miaka 38 na watoto watatu. Mwaka jana nilikopa kwa mtu binafsi ili nimalizie kupaua nyumba, ule mkopo tunaouita kausha damu, na mkopeshaji akabaki na kadi yangu ya benki pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia, yeye ndiye anayetangulia kuutoa, na kinachobaki hakifiki katikati ya mwezi. Tangu hapo usingizi umenitoroka. Ninapanda kitandani saa tatu usiku ili angalau nipumzike, lakini ninagaragara mpaka saa tano. Nikipitiwa, saa nane nimeshashtuka, moyo unaenda mbio. Ninachukua simu chini ya mto kuangalia saa, kisha naanza kupiga hesabu kwamba nikilala sasa hivi nitapata saa tatu, baadaye saa mbili, baadaye saa moja. Wakati huohuo nawaza kwamba nyumba itauzwa, kwamba wenzangu kazini wameshajua, kwamba mimi ni mama niliyeshindwa. Nikibahatika napata lepe la usingizi karibu na alfajiri, na saa kumi na moja lazima niamke kuwaandaa watoto. Darasani nina wanafunzi zaidi ya themanini, na juzi nilimfokea mtoto aliyeomba ruhusa tu ya kwenda chooni, jambo lililoniuma mno. Mume wangu anafanya kazi mbali na hajui lolote kuhusu mkopo huu. Jumamosi na Jumapili ninalala mchana ili kufidia. Jirani amenipa vidonge vya usingizi vilivyobaki kwa mama yake, ila sijavimeza bado. Nifanyeje?

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na vidonge kwa sababu ndivyo vyenye haraka: mrudishie jirani yako. Dawa nyingi za usingizi zinazozunguka mitaani ni za jamii ya diazepam, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Valium, na daktari humwandikia mtu kwa muda mfupi akijua umri wake, dawa nyingine anazotumia na hali ya mapafu na ini lake. Mtu akizimeza kwa wiki kadhaa mfululizo mwili huzizoea, kipimo cha mwanzo hakitoshi tena, na siku anapoziacha ghafla usingizi hupotea zaidi ya ulivyokuwa awali. Mwenye kuzitumia tayari kwa muda mrefu asiziache kwa mkupuo, bali amwone daktari ampunguzie kidogo kidogo.

Sasa tuje kwenye kiini. Umeniandikia kana kwamba una tatizo moja, nami ninaona mawili. Deni ndilo lililouvunja usingizi wako, hilo halina ubishi. Lakini yapo mambo mengine yanayoufanya usirudi, nayo ni yale unayoyafanya kwa nia njema kabisa ya kuutafuta, yaani kupanda kitandani mapema, kubaki umelala macho, kuangalia saa, na kulala mchana mwishoni mwa wiki. Mwanasaikolojia wa Marekani Arthur Spielman alilieleza jambo hili katika miaka ya 1980, akatenganisha mambo matatu: maumbile yanayomfanya mtu awe mwepesi wa kukosa usingizi, tukio linaloanzisha tatizo, na mazoea yanayolidumisha hata baada ya tukio lenyewe kupoa. Nakueleza haya ili upate nguvu, kwa sababu deni litachukua miezi kulimaliza, lakini mazoea unaweza kuanza kuyabadilisha usiku wa leo.

Usingizi unaongozwa na nguvu mbili, kama alivyoonyesha mtafiti Alexander Borbély mwaka 1982. Ya kwanza ni uchovu unaojikusanya tangu dakika unayoamka, hivyo kadiri unavyokaa macho ndivyo hamu ya usingizi inavyokua. Ya pili ni saa ya mwili, inayofuata mwanga wa jua na mazoea yetu ya kulala na kuamka. Ukilala kwa muda wa saa mbili au tatu mchana wa Jumapili, unakuwa umeshaitumia sehemu kubwa ya ile nguvu ya kwanza kabla usiku haujafika. Na ukipanda kitandani saa tatu wakati mwili wako hauko tayari mpaka saa tano, unajiwekea saa mbili za giza na ukimya ambazo mawazo yatazijaza. Hapo inaongezeka hofu. Mwili unaohisi hatari huongeza homoni za tahadhari, moyo ukaenda mbio na misuli ikakaza, na usingizi hauwezi kushika mwili wa namna hiyo hata ukiwa umechoka kupita kiasi.

Wewe ni mwalimu, kwa hiyo mfano huu utauelewa mara moja. Kengele ya mapumziko ikilia, watoto wananyanyuka kabla hujasema neno, kwa sababu wameizoea ikiambatana na kutoka nje. Ndivyo kitanda chako kilivyokufundisha. Miezi mingi umekilalia ukiwaza mkopeshaji, na sasa unapokigusa tu akili inaamka na kuanza kazi iliyoizoea. Naamini ndiyo maana mtu wa hali yako anaweza kusinzia ofisini mbele ya madaftari ya kusahihisha, ila akifika kitandani macho yanakuwa makavu.

Njia ya kukitenganisha kitanda na mawazo ilielezwa na mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, Richard Bootzin, mwaka 1972, na mpaka leo ndiyo nguzo mojawapo ya tiba ya kukosa usingizi. Nenda kitandani pale tu unaposikia usingizi wenyewe, macho yanapofumba bila kuamriwa, si pale unapojisikia umechoka, maana uchovu na usingizi ni vitu viwili. Ukikaa kitandani muda unaokadiria kuwa kama dakika ishirini bila kulala, au ukaanza kukereka, inuka uondoke. Kaa mahali pengine kwenye mwanga hafifu na ufanye jambo tulivu, kama kukunja nguo, kusuka mkeka au kusoma kitabu ulichokwisha kukisoma, na urudi usingizi ukija. Usipokuja, inuka tena. Kitandani usisahihishe madaftari, usisome ujumbe wa simu, usipige hesabu. Asubuhi amka saa ileile hata kama ulilala kwa muda wa saa moja tu, Jumapili ikiwemo. Najua wasomaji wengi wanaishi chumba kimoja na watoto, na ushauri wa kuhamia chumba kingine hauwahusu. Basi mkeka au kigoda upande wa pili wa chumba kinatosha, kwani linalotakiwa ni mwili uondoke juu ya godoro.

Simu itoke chini ya mto. Iweke mbali, kabatini au ndani ya beseni juu ya meza, ikiwa imetegwa kengele ya saa kumi na moja na milio ya ujumbe imezimwa. Kuna madhara mawili unayoyaepuka hapo, ujumbe wa mkopeshaji na saa yenyewe. Kila unapotazama saa unafanya hesabu, na kila hesabu ni tishio jipya kwa mwili. Usiku wa manane huna haja ya kujua ni saa ngapi, kwa sababu hakuna uamuzi wowote mzuri utakaoufanya kwa kujua hivyo.

Kuhusu saa za kulala, kwa wiki moja andika kila asubuhi, kwa kukadiria tu, ulipanda kitandani saa ngapi, ulilala jumla ya saa ngapi, na uliamka saa ngapi. Kwa maelezo yako nakadiria kwamba unakaa kitandani saa nane na kulala kati ya nne na tano. Daftari likithibitisha hivyo, achana na saa tatu usiku. Panda kitandani saa tano na nusu, amka saa kumi na moja, usilale mchana. Hizo ni saa tano na nusu tu kitandani, na siku za mwanzo utateseka, nakuambia mapema ili usikate tamaa. Lakini kile kidogo unacholala kitajikusanya pamoja badala ya kuwa usingizi wa mang'amung'amu uliosambaa usiku kucha. Ukiona kwa wiki nzima unalala sehemu kubwa ya muda huo, tuseme asilimia 85 au zaidi, jiongezee dakika kumi na tano, na wiki inayofuata nyingine, mpaka ufikie kiasi kinachokutosha. Watu wazima wengi wanahitaji saa saba au zaidi. Muda wako wa kitandani usishuke chini ya saa tano. Na ninawaonya wasomaji wengine: njia hii ya kubana saa isifanywe bila usimamizi wa daktari na mtu mwenye kifafa, mwenye historia ya ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia, mjamzito, wala anayeendesha basi, lori au bodaboda.

Bado mawazo yenyewe. Watu watakuambia usiwaze, na huo ni ushauri usiotekelezeka. Mimi ninakuambia uwaze, ila mchana. Tenga dakika ishirini kila siku jioni, kwa mfano saa kumi na mbili kabla hujaanza kupika, ukae mezani au kwenye ngazi ya mlango na daftari. Chora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika kinachokusumbua, kwa maneno ya wazi, si "maisha magumu" bali "sijui deni lililobaki ni kiasi gani". Upande wa kulia andika hatua moja utakayoichukua, hata ikiwa ndogo namna gani: "Alhamisi mapumziko ya saa nne, nitamwomba mkopeshaji maandishi ya kiasi nilichokwisha kulipa." Pale ambapo hakuna hatua yoyote unayoweza kuichukua, andika hivyohivyo, kwamba hili haliko mikononi mwangu kwa sasa. Kisha funga daftari. Usiku wazo likija, na litakuja, jibu lako liwe kwamba limeshaandikwa na zamu yake ni kesho saa kumi na mbili jioni. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, uliwagawa vijana 57 makundi mawili kabla ya kulala: kundi moja liliandika kwa dakika tano mambo wanayopaswa kuyafanya siku zijazo, na la pili likaandika waliyokwisha kuyamaliza. Walioandika ya mbele walilala mapema kwa wastani wa dakika tisa hivi, na walioandika kwa undani zaidi ndio waliolala haraka zaidi. Ulikuwa utafiti mdogo, lakini unakubaliana na ninayoyasikia kwa wanaokuja kwangu: akili hurudia rudia jambo inaloogopa kulisahau.

Yachunguze pia maneno unayojiambia. "Nyumba itauzwa" ni utabiri. "Wenzangu wameshajua" ni dhana. "Mimi ni mama niliyeshindwa" ni hukumu uliyoitoa mwenyewe bila shahidi hata mmoja, ilhali watoto wako wanaamka alfajiri, wanavaa, wanakula na kwenda shule kwa mikono yako. Ukweli uliomo katika barua yako ni kwamba unadaiwa, kadi yako iko kwa mtu mwingine, na mshahara hautoshi. Hayo ni mazito, lakini yanashughulikika. Na lile la "nisipolala leo kesho nitaharibu kazi" nalo limepita kiasi, kwa sababu umeshafundisha asubuhi nyingi baada ya usiku mbaya. Ulichoka, ulimfokea mtoto mmoja, na unaweza kumwita ukamwambia umekosea. Watoto huupokea msamaha wa mwalimu wao kwa moyo mweupe.

Kuhusu deni, wahenga walisema dawa yake ni kulipa, lakini kulipa kunataka kujua unachodaiwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Mwombe mkopeshaji wako mkataba na mchanganuo wa malipo. Akikwepa, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, au kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wao hawatozi fedha. Kwa kadi na namba ya siri iliyoko kwa mtu mwingine, fika katika tawi la benki yako, ueleze hali halisi na uulize njia ya kuirudisha akaunti mikononi mwako, huku ukipanga na mkopeshaji malipo yanayoandikwa. Uliza pia SACCOS ya walimu ya wilaya yako kama wanaweza kulinunua deni hilo kwa riba nafuu.

Na mumeo, mwanangu? Sikulazimishi. Lakini nimesoma barua yako mara kadhaa, na ninaona kwamba siri hii inakula usiku wako kuliko hata riba. Mweleze mchana, si kwa ujumbe wa simu wala saa sita usiku, na umweleze ukiwa na daftari lenye hesabu kamili na hatua ulizokwisha kuzianza. Kama unahofia ukali wake, mtangulize mtu mzima anayemheshimu.

Yape haya wiki sita. Mafunzo ya namna hii kwa pamoja huitwa tiba ya mazungumzo na tabia kwa kukosa usingizi, na mwaka 2016 Chuo cha Madaktari cha Marekani kiliishauri iwe ndiyo tiba ya kwanza kwa watu wazima, kabla ya dawa. Tatizo linahesabiwa kuwa sugu likimpata mtu angalau siku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, nawe umepita hapo, hivyo usione haya kwenda katika hospitali ya rufaa ya mkoa na kuuliza kitengo cha afya ya akili. Nenda bila kusubiri wiki sita ikiwa umepoteza hamu ya kila kitu, unalia bila sababu, au limekujia wazo la kwamba ni afadhali usiwepo. Wazo hilo likija, hata usiku wa manane, mwamshe mtu aliye karibu nawe umwambie. Usilibebe peke yako mpaka asubuhi.

Swali

Assalaam alaikum. Mimi ni mzee wa miaka 67, niko Wete, Pemba, mtumishi mstaafu. Mke wangu alitangulia mbele ya haki mwaka juzi. Baada ya sala ya Isha nakaa barazani na wenzangu tunakunywa kahawa, narudi nyumbani saa nne na kulala mara moja. Saa nane nimeshaamka, kwanza kwa haja ndogo, kisha yananijia mawazo ya kila nilichomfanyia na kila ambacho sikumfanyia. Nasali, narudi kitandani, silali tena mpaka adhana ya Alfajiri. Baada ya chakula cha mchana nasinzia kitini, pengine saa mbili nzima. Natumia dawa ya presha, nameza usiku ili nisisahau. Mwanangu aliyeko Muscat anataka kuniletea dawa za usingizi. Je, nizikubali?

Jibu

Waalaikum salaam, na shikamoo mzee wangu. Mola amrehemu marehemu na akupe subira. Dawa hizo naomba usizikubali kwanza. Kwa watu wa umri wako dawa za usingizi huongeza hatari ya kuanguka, na mtu anayeamka usiku kwenda haja, gizani, miguu ikiwa mizito, anaweza kuvunjika nyonga. Mshukuru mwanao, umwombe badala yake akupigie simu jioni mara kwa mara.

Tuhesabu pamoja. Saa nne mpaka saa nane usiku ni saa nne, na mchana unapata nyingine mbili, hivyo kwa siku nzima unalala kama saa sita. Usingizi wako haujapotea wote, umegawanyika. Umri nao una sehemu yake, kwani tunavyozeeka usingizi mzito hupungua na tunaamka mara nyingi zaidi. Fupisha ule wa mchana uwe kama nusu saa, kabla ya sala ya Alasiri, na ukiwezekana ulale kitandani badala ya kusinzia kitini.

Baraza usiiache, mzee wangu, hata kidogo. Mtu aliyefiwa akijifungia ndani baada ya Isha, usiku wake huwa mrefu zaidi. Ninachokuomba ubadilishe ni kilichomo ndani ya kikombe. Kafeini, ile inayoamsha iliyomo katika kahawa, huchukua takriban saa tano mwilini kupungua kwa nusu tu, kwa hiyo kahawa ya saa mbili usiku nusu yake bado inazunguka katika damu saa saba. Unaweza ukalala ukiwa nayo, lakini usingizi huwa mwepesi na ni rahisi kukatika. Wenzako wakinywa kahawa, wewe kunywa chai ya mchaichai au ya tangawizi isiyo na majani, kikombe kidogo, usije ukazidisha safari za msalani.

Safari hizo zenyewe ziangaliwe. Baadhi ya dawa za presha hufanya kazi kwa kuongeza mkojo, na mtu akimeza ya aina hiyo usiku, ndiyo itakayomwamsha. Nenda kituo cha afya na dawa zako mkononi, uulize kama yako ni ya aina hiyo na kama inafaa kuhamishiwa asubuhi, usihamishe mwenyewe. Omba pia wakupime sukari na wakuchunguze tezi dume.

Sasa majuto, ambayo naona ndiyo yaliyokufanya uandike. Saa nane usiku mtu huwa peke yake na kumbukumbu zake, na kumbukumbu za saa hiyo huchagua mabaya. Alipokuwa hai mlizungumza, mkakosana, mkasameheana, mkala pamoja miaka yote hiyo, lakini usiku unakuletea tu siku ulizochelewa kurudi. Tafuta mtu aliyemjua vizuri, dada yake au jirani wa siku nyingi, mkae mchana mumzungumze kwa urefu wake wote, mema na mapungufu. Kama kuna jambo uliloshindwa kumfanyia, toa sadaka kwa niaba yake na umwombee dua, ili moyo upate kitu cha kufanya badala ya kurudia hesabu ileile. Sala yako ya usiku ni neema, endelea nayo, ila ukimaliza usijilazimishe kulala. Kaa juu ya msala, soma uradi kwa pumzi ya polepole, na urudi kitandani macho yakilegea. Ikiwa umeanza kukosa hamu ya chakula, unakonda, au hata baraza haikuvuti tena, huenda ni sonona, ambayo inatibika katika umri wowote, na daktari aambiwe.

Swali

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu, Dodoma. Mitihani ikikaribia silali. Nimezoea kumeza Piriton mbili kila usiku, na sasa hazinisaidii. Siku hizi nikilala chali naamka siwezi kuinua hata kidole, nahisi kuna mtu amenikalia kifuani. Wenzangu wa hosteli wanasema nimetupiwa kitu. Sasa naogopa hata kulala.

Jibu

Pole mwanangu. Hilo ni jinamizi, na nimelisikia kwa watu wengi sana, walio vijana na wasomi kama wewe. Tunapoota, ubongo huilegeza misuli ya mwili ili tusifuate kwa vitendo yale tunayoyaota. Wakati mwingine fahamu zinarudi kabla misuli haijaachiliwa, na kwa sekunde chache au dakika moja mbili mtu anakuwa macho ndani ya mwili usiotii, huku mabaki ya ndoto yakimwonyesha kivuli au uzito kifuani. Linatisha, lakini halidhuru, na hupita lenyewe. Huwapata zaidi walionyimwa usingizi, wenye wasiwasi, wanaolala kwa saa zisizo na mpangilio, na wanaolala chali, yaani mambo yote uliyoyataja. Maneno ya wenzako yamekuongezea hofu, na hofu inakunyima usingizi, na kukosa usingizi kunaleta jinamizi lingine. Lala ubavu. Likikushika, usipambane na mwili mzima. Elekeza nguvu kwenye kutikisa ncha ya kidole au kupepesa macho, na uvute pumzi taratibu.

Piriton ni dawa ya mzio na mafua inayoleta kusinzia kama athari ya pembeni. Mwili huizoea upesi, kama ulivyokwisha kuona, na asubuhi hukuacha na kichwa kizito wakati unahitaji kukumbuka uliyoyasoma. Iache, ukijua siku chache za mwanzo zinaweza kuwa ngumu. Kujisomea kuishe saa moja kabla ya kulala, na saa ya kuamka isibadilike hata usipokuwa na kipindi cha asubuhi.

Kwa usiku ule ambao utajikuta unaulazimisha usingizi, jaribu jambo ambalo daktari wa Austria, Viktor Frankl, aliwashauri wagonjwa wake: lala gizani ukiwa umetulia, fumbua macho, na ujitahidi kwa upole kubaki macho, bila simu na bila kitabu. Anayeacha kujaribu kulala hana tena cha kushindwa, na ile hofu ya kushindwa ndiyo iliyokuwa ikimkesheza.

Mitihani ikiisha na jinamizi likaendelea kukujia mara kwa mara, au ukaona unashikwa na usingizi wa ghafla mchana katikati ya mazungumzo, au magoti yanalegea ukicheka sana, nenda zahanati ya chuo ukaeleze dalili hizo moja baada ya nyingine, maana hapo kunahitajika uchunguzi wa daktari wa mishipa ya fahamu.